Sikilidi nyumbani kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu niweke tangi la samaki sebuleni, hapa Tabata, wageni wangu wameacha kuangalia televisheni. Mtu anavuta kiti, anakaa kimya dakika kumi, halafu maswali yanaanza. Nimeyajibu kwa mdomo, kwa meseji, na kwa sauti za WhatsApp nikiwa nimebanwa kwenye daladala. Sasa nimeyaweka pamoja. Machache kati ya majibu haya niliyapata kwa kusoma, mengi kwa hasara.

Sikilidi ndio samaki gani?

Umeshawala. Sato wa Mwanza ni sikilidi. Perege ni sikilidi, na ngege wa Kisumu vilevile. Kigoma kuna kuhe, anayetajwa kuwa ndiye sikilidi mkubwa kuliko wote duniani. Tunaowafuga kwenye kioo ni binamu zao wadogo, wengi wa sentimita 4 hadi 15, na wenye rangi ambazo mtu asiyewajua atabisha kwamba wametiwa rangi dukani.

Ukitaka kuwatambua, tazama pua: sikilidi ana tundu moja tu kila upande, wakati samaki wengi wana mawili. Na kooni ana taya la pili. La mbele linakamata, la nyuma linasaga. Wataalamu wanasema kugawana kazi huko ndiko kulikowasaidia kujigawa makundi kwa makundi, huyu anakula mwani, huyu konokono, huyu magamba ya wenzake. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zipatazo 240, Ziwa Nyasa lina mamia kadhaa, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ziwa Victoria lina furu. Mmoja wao, mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni, alielezwa kitaalamu mwaka 1985 kutoka Ghuba ya Mwanza akaitwa Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Siku hizi wengi humwandika Pundamilia nyererei. Naam, punda milia yule yule wa mbugani, ndani ya jina la kisayansi la samaki. Lakini samaki wangu wa kwanza, wa Ziwa Nyasa, muuzaji aliniambia waliletwa kwa ndege kutoka Asia. Ziwa Nyasa tunafika kwa basi!

Ni samaki wa maji ya chumvi?

Hapana. Rangi zao ndizo zinazowadanganya watu. Ni wa maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo ya bahari, si maji ya friji.

Nianze na ziwa lipi?

Jiulize hili kabla hujanunua hata jiwe, kwa sababu hawa hawachanganywi kama viungo vya pilau. Mwenye tangi moja achague ziwa moja. Maji yao hayatofautiani sana. Kinachotofautiana ni chakula na tabia. Mpole wa Tanganyika ukimweka na mbuna wa Nyasa, atajificha nyuma ya hita mpaka akonde afe.

Mbuna ndio wanaopendwa na wanaoanza. Jina ni la Watonga wa pembeni mwa ziwa, wakiwaita samaki wa miambani. Wana rangi, hawatulii, hawachagui sana chakula, na wanazaa bila kubembelezwa. Mpole kuliko wengi wao ni Labidochromis caeruleus, yule wa njano kama embe bivu mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni. Kama una nafasi ya tangi la lita 250, anza na huyu.

Kama huna nafasi, nenda Tanganyika kwa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Neolamprologus multifasciatus dume hafiki hata sentimita 5, jike ni mdogo zaidi, na familia nzima inatosha kwenye tangi la lita 60 hadi 80. Kule ziwani wanakaa kwenye makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, yaliyotapakaa chini kwa maelfu. Nyumbani, makombe ya konokono wadogo wa shambani yanafaa, ukiyachemsha kwanza na kuyasugua. Weka matatu kwa kila samaki, mchanga laini sentimita 5 au zaidi, kisha ukae utazame. Mimi ninalo tangi kama hilo mezani kwangu. Jike mmoja, mrefu kama kidole changu cha mwisho, alichukua siku tatu kuhamisha mchanga kwa mdomo, tonge moja baada ya jingine, mpaka kombe lake likazama likabaki tundu tu juu. Jirani yake akimwaga mchanga upande wake, anaurudisha. Mkono wangu ukiingia kusafisha, ananing'ata. Hana meno ya kuniumiza, lakini nia anayo.

Furu wa Victoria waache kwanza. Majike wa aina tofauti wanafanana mno na wanazaliana ovyo, na ukishachanganya damu umeharibu, hasa kwa kuwa baadhi yao ziwani hawaonekani tena.

Frontosa, yule mwenye nundu kichwani na mistari ya bluu, ni mzuri wa kutisha. Anafika sentimita 30 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Huyo si wa kuanzia.

Tangi liwe la ukubwa gani?

Angalia urefu kabla ya kina. Mbuna hawagawani maji, wanagawana ardhi, kwa hiyo tangi refu na fupi kwenda juu linawafaa kuliko lile jembamba lililosimama kama kabati. Kwa mbuna, sentimita 120 kwa 45 kwa 50 kwenda juu ni saizi nzuri. Hiyo ni lita 270 likijaa. Fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea, ila mambo mawili yasimamie mwenyewe. Kioo kiwe cha milimita 10, asikushawishi na cha 6 kwa kuwa kimebaki dukani kwake. Na silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana dawa hiyo inaua samaki. Likishagundishwa, liache likauke wiki nzima, ulijaze maji nje, ulitazame siku mbili.

Halafu piga hesabu ya uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji kilo 270, kioo karibu 55, mawe na mchanga 50 au zaidi. Hapo umeweka zaidi ya mifuko saba ya saruji juu ya meza moja! Mimi la kwanza niliweka juu ya stendi ya televisheni ya mbao za kubandika. Mwezi wa pili mke wangu akaniuliza kwa nini maji yamelala upande mmoja. Nikadhani anatania. Tulitoa maji usiku kwa ndoo, watoto wakishika tochi ya simu. Siku hizi tangi limekaa juu ya fremu ya chuma niliyochomeleshewa, na chini ya kioo kuna karatasi ya povu gumu, ile nyeupe inayokuja na friji, ili kioo kisikalie punje ya mchanga kikapasuka.

Maji ya bomba yanafaa? Na ya kisima?

Sikilidi wa Nyasa na Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya juu, yaani yasiyo na asidi. Nyasa ni kama 7.7 hadi 8.6, Tanganyika inapanda hadi kukaribia 9. Maji magumu unayajua hata bila kipimo: sabuni haitoi povu, na birika lina gamba jeupe ndani. Kama nyumbani kwako ndivyo yalivyo, wanaofuga samaki wa Amazoni wanalia, wewe unacheka.

Maji ya bomba yana klorini, nayo inaua samaki na bakteria wema kwa pamoja. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Mimi natumia dawa, maana ndoo sita zilizojaa maji koridoni zimewahi kuleta mjadala wa ndoa.

Kisima kwanza onja. Visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi ya bahari, na chumvi hiyo si ile ya Tanganyika. Ukisikia ukali mdomoni, achana nayo au changanya na ya bomba. Maji ya mvua hayana madini yoyote. Peke yake hayafai. Wa Nairobi mna tatizo la kinyume: maji ya Ndakaini yanayoshuka kutoka milima ya Aberdare ni laini, kwa hiyo mtahitaji kuyapa ugumu.

Unayapaje? Kwa mawe. Jiwe la matumbawe, lile la zamani lililochimbwa nchi kavu ambalo watu wa pwani wamejengea nyumba tangu enzi, ni chokaa tupu. Linayeyuka polepole na kushikilia pH juu bila wewe kufanya kitu. Usiende kuvunja matumbawe hai baharini. Ni kosa la jinai na ni uharibifu. Kama hujui jiwe ni la aina gani, likamulie limao. Likitoa viputo, lina chokaa. Mchanga mweupe wa ufukweni nao unafanya kazi hiyo, ukiuosha mara kumi na tano. Ndiyo, mara kumi na tano.

Kuna anayekwambia tia magadi. Magadi yanapandisha pH kwa ghafla, na kinachomuumiza samaki kuliko pH isiyo sahihi ni pH inayoruka. Wapo sikilidi wanaoishi kwenye magadi yenyewe, ziwa Magadi na Natron, kwenye maji ya moto yanayobabua ngozi. Hao ni watu wengine.

Kwa nini naambiwa nisubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuweka samaki?

Hapa ndipo wengi wanapoulia, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilinunua tangi Jumamosi asubuhi, nikajaza maji mchana, jioni nikarudi dukani nikachukua samaki 14. Aliyeniuzia hakuniuliza tangi lina siku ngapi. Jumatatu walikuwa juu wanahema kwa haraka, mashavu mekundu. Ijumaa alibaki mmoja.

Samaki anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale, na uchafu wake ni amonia, ambayo ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao wanakaa kwenye sponji ya filta, juu ya mawe, kwenye mchanga. Tangi jipya halina hata mmoja. Kuwakuza kunachukua mwezi hadi mwezi na nusu.

Kwa sikilidi hatari ni kubwa zaidi, na sababu yake wauzaji wengi hawaijui. Amonia ndani ya maji iko ya aina mbili: isiyodhuru sana na yenye sumu kali, na pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila moja. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, yenye sumu ni kama nusu ya asilimia moja tu. Kwenye pH 8.5 inafika asilimia 15. Yaani kosa ambalo samaki wa maji laini angeokoka nalo, mbuna anakufa nalo.

Fanya hivi. Jaza tangi, washa filta, halafu tupia chakula cha samaki kidogo kila siku kama vile yupo wa kukila. Kikioza kinatoa amonia ya kuwalisha bakteria. Pima kwa kipimo cha matone, si cha karatasi. Utaona amonia inapanda, kisha nitriti inapanda amonia ikishuka, mwishowe zote mbili zinakuwa sifuri na nitrati inaanza kuonekana. Hapo badilisha nusu ya maji, ndipo ukanunue samaki. Njia ya mkato iko moja tu ninayoiamini: omba kwa rafiki mwenye tangi zima kipande cha sponji chafu ya filta yake, ukibebe kikiwa kimelowa, ukitie ndani ya filta yako. Mimi nimeshagawa vipande vinane. Kimoja kilisafiri hadi Morogoro kwenye mfuko wa maziwa.

Filta gani?

Kwa tangi dogo la makombe, sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha kabisa. Kwa mbuna chukua filta ya nje yenye uwezo wa kuzungusha maji yote ya tangi mara tano au zaidi kwa saa. Usiioshe kwa maji ya bomba. Suuza sponji ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, vinginevyo klorini itawaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Kaka, mbona samaki wangu wanauana?

Kwa sababu ni sikilidi. Huwezi kuwageuza tabia, lakini unaweza kuitawanya.

Kwanza, idadi. Mbuna wachache kwenye tangi kubwa ni balaa: dume anamchagua mmoja na kumfuata mpaka amuue. Wakiwa 18 au 20 kwenye lita 270, hasira inagawanyika, hakuna anayepata kipigo cha peke yake. Ila wingi huo unadai filta yenye nguvu na maji yabadilishwe bila kukosa, mvivu asijaribu.

Pili, dume mmoja kwa majike watatu au wanne wa aina yake. Vichanga hawatambuliki kwa macho, kwa hiyo nunua sita au wanane, wakikua utoe madume ya ziada.

Tatu, usichague vita mwenyewe. Melanochromis auratus anauzwa kila mahali akiwa mdogo, wa njano na mistari, mzuri kama pipi. Dume akikua anageuka karibu mweusi na kuwa jambazi. Nimempa nafasi mara mbili, sitampa ya tatu. Demasoni, yule mdogo wa mistari ya bluu anayetoka miamba ya Pombo upande wetu wa Ziwa Nyasa, hawavumilii wa sura yake. Ama awe mmoja peke yake, ama kuanzia kumi na mbili. Watano utawahesabu kila asubuhi ukikuta wamepungua.

Nne, mawe. Panga marundo mawili au matatu yenye mapango ya kupenya, yafike juu, ili anayekimbizwa apotee machoni mwa anayemkimbiza. Akitokea mbabe aliyeteka tangi zima, hamisha mawe yote. Kila mtu anakuwa mgeni upya, na mbabe naye anaanza kutafuta nyumba.

Mawe niyaweke juu ya mchanga?

Chini ya mchanga! Hawa wanachimba. Weka mawe makubwa juu ya kioo chenyewe, au juu ya karatasi nyembamba ya plastiki, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Jiwe lililokalia mchanga litachimbuliwa, na litaanguka saa nane usiku.

Na mimea?

Mbuna wataila. Anubias ina majani magumu yasiyo matamu, ifunge juu ya jiwe kwa uzi.

Wanakula nini?

Mbuna wanachuna mwani juu ya miamba pamoja na vidudu vilivyomo. Utumbo wao ni mrefu, wa mla majani. Ukimpa moyo wa ng'ombe uliosagwa, kama wengine wanavyoshauri ili wanenepe haraka, unamtafutia ugonjwa. Nunua punje zenye spirulina, aina ya mwani, toa kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku. Siku moja kwa wiki wasile kitu. Mchicha uliochovywa maji ya moto wanaupenda. Ufunge kwenye jiwe jioni, asubuhi umebaki mti. Njegere iliyomenywa pia. Ugali, mkate na wali, hapana, hata kama bibi wa watoto anasisitiza kwamba samaki wake wa bwawani walikula.

Ishara za hatari ni hizi: anatia chakula mdomoni halafu anakitema, kinyesi cheupe kama uzi, anajitenga juu pembeni, tumbo linavimba. Ukisubiri tumbo livimbe umeshachelewa. Anapoanza tu kutema chakula, acha kulisha, pima amonia na nitriti, badilisha theluthi ya maji, na umtenge ikiwezekana. Wafugaji wengi hutumia dawa iitwayo metronidazole katika hatua hii. Inasaidia ikiwahi, ikichelewa ni pesa ya bure.

Nahitaji hita?

Wanataka nyuzi 24 hadi 27. Dar mwezi wa pili hita yako ni mapambo. Shida ni kupoza. Maji yakipita 29 yanashika oksijeni kidogo, kwa hiyo ongeza pampu ya hewa, inua mfuniko, elekeza feni juu ya maji. Mbeya, Arusha, Iringa, Nairobi na Njombe, hita ni lazima.

Umeme ukikatika?

Usiwalishe. Sahau taa. Hofu yako ni oksijeni: tangi lenye mbuna wengi na maji ya uvuguvugu linaweza kuanza kuleta shida ndani ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka kwenye power bank ni rahisi na inaendesha usiku kucha. Inunue kabla ya filta ya bei mbaya. Ukikosa hiyo, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, kila nusu saa, ukiwa umekaa na kahawa yako.

Kuna mtego wakati wa kurudi kwa umeme. Filta ya nje iliyozimika saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani yameoza. Ikijiwasha yenyewe inayamwaga yote tangini. Ichomoe umeme ukikatika tu, na kabla ya kuiwasha mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi. Harufu utakayoisikia itakuthibitishia.

Nibadilishe maji mara ngapi?

Robo hadi theluthi kila wiki. Nitrati ikikaa chini ya miligramu 40 kwa lita uko salama. Usibadilishe yote kwa siku moja ati unafanya usafi.

Jike wangu hataki kula, na mdomo umevimba. Anaumwa?

Hongera, ana mimba ya mdomoni.

Ukibahatika utaona ilivyoanza. Dume anasafisha jiwe bapa, anatetemeka mbele ya jike kama aliyeshikwa na baridi. Wanazunguka. Jike anataga yai moja au mawili, anageuka, anayaokota kwa mdomo kabla hata hayajatulia. Kwenye pezi la chini la dume kuna vidoti vya njano vinavyofanana na mayai. Jike anavifuata kuviokota, na hapo ndipo anapovuta mbegu za kiume, mayai yakarutubishwa mdomoni mwake. Nimelitazama jambo hili mara nyingi, na bado naacha chai ipoe.

Kuanzia hapo hali kitu kwa takriban wiki tatu. Koo linashuka, midomo inachezacheza kama mtoto anayetafuna bigijii: anayageuza mayai yapate hewa. Usimkimbize kwa kimia siku ya kwanza, anaweza kuyatema au kuyameza. Ukitaka kuokoa wengi, wiki ya tatu mhamishie usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwenye tangi dogo lililojazwa maji ya tangi lile lile. Akishawaachia, mpe siku chache za kula peke yake kabla ya kumrudisha vitani. Vifaranga wanatoka wamekamilika, wa kwanza wangu walikuwa 17, na wanakula punje zilizosagwa kama unga tangu siku hiyo.

Ziwa Tanganyika lina mhalifu wa kazi hii. Kuna gogogo mmoja mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, anayejipenyeza sikilidi wakitaga na kuacha mayai yake. Mama anayaokota pamoja na ya kwake. Ya gogogo yanaanguliwa mapema, na watoto wake wanakula wa mwenye nyumba ndani ya mdomo wa mama.

Nikienda Kigoma au Mbamba Bay nivue wangu mwenyewe?

Kukamata na kusafirisha samaki hai wa mapambo kuna vibali vyake. Anzia ofisi ya uvuvi ya wilaya, na ndani ya hifadhi kama Mahale usijaribu kabisa. Lakini hata ukiwa na karatasi zote, kumbuka kibofu cha hewa. Samaki aliye mita 15 chini ukimpandisha kwa mkupuo, hewa iliyo ndani yake inatanuka, tumbo linajaa, anaelea kichwa chini. Wapiga mbizi wanaowakamata kwa biashara huwapandisha kwa hatua.

Vifaranga wamejaa. Naweza kuwaachia mtoni au bwawani?

Hapana, na hili silifanyii mzaha. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wameyeyuka. Ziwa Nyasa kwenyewe, kisiwa cha Thumbi West upande wa Malawi, kina mbuna wa sehemu nyingine za ziwa walioachiwa pale kupitia biashara ya samaki wa mapambo, na mpaka leo wapo wanachanganyika na wenyeji. Samaki wa ziwa lile lile, tena.

Badilishana na duka kwa chakula, au wape majirani. Wangu wa mwisho walikwenda kwa mwalimu wa biolojia wa hapa mtaani. Walisafiri kwa bajaji, ndani ya ndoo ya lita 20 iliyofunikwa kanga, yeye akiishikilia kwa magoti. Miezi minane baadaye akanipigia alfajiri, ana wasiwasi: mmoja hataki kula, na mdomo umevimba.